Mwenye nyumba mpya hataki hata kuku. Tomi nimpeleke wapi?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Kibamba, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga yenye uwanja na ukuta. Tuna miaka saba hapo. Mwezi uliopita mwenye nyumba alituita akatuambia ameuza, na mnunuzi anabomoa ili ajenge fremu za maduka, kwa hiyo mwisho wa mwezi huu tuwe tumetoka. Hatukugombana, kodi iliyobaki ameturudishia. Tumepata apatimenti Sinza, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, karibu na kazini kwa baba Kelvin. Kwenye mkataba imeandikwa hairuhusiwi kufuga mnyama wa aina yoyote. Nilimwomba dalali aongee na mwenye nyumba. Akarudi na jibu kwamba yule mama hataki hata kuku.

Sisi tuna mbwa, Tomi. Ni wa kienyeji, rangi ya kahawia, kifua cheupe, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mume wangu alikuja naye ndani ya koti usiku mmoja wa mvua, miaka sita iliyopita, akiwa mdogo hata sufuria ya wali anaenea. Kelvin sasa ana miaka 9, hakumbuki maisha bila Tomi. Akipewa shuleni kazi ya kusoma kwa sauti humsomea Tomi, anasema Tomi hamkosoi.

Usiku analinda, na kwa kweli hatujawahi kuibiwa hata kandambili. Asubuhi nikifungua geti watoto wapande basi la shule, naye anatoka, anaongozana na Mzee Ramadhani mwenye bustani ya mchicha kule bondeni, anarudi saa nne na matope hadi tumboni. Mzee husema tangu Tomi aanze kumfuata, yule mwizi wa pampu hajarudi. Basi ndiyo maisha yake.

Sasa Mjomba, wapo wanaomtaka. Wa kwanza ni bwana mmoja mwenye ghala Vingunguti, ametoa shilingi 150,000 taslimu. Aliuliza kitu kimoja tu: ni mkali? Wa pili ni binamu wa mume wangu, ana shamba Turiani, nimemuuliza mara mbili, mara zote ananiambia tutaona. Dada yangu anasema nimwite daktari wa mifugo amchome sindano alale moja kwa moja, kuliko kumtesa. Na mume wangu, huyohuyo aliyemleta kwenye koti, anasema tumpakie kwenye gari tukamshushe Mlandizi, sokoni hakosi mabaki, ni mbwa tu. Tukifika hapo tunanyamaza wote wawili.

Jirani mmoja alinitania nimpe Mzee Ramadhani. Lakini yule ni mtu wa msikitini, hakosi swala, nikaona aibu hata kulitaja.

Kuna jambo jingine linanisumbua. Mwaka juzi Tomi alimng'ata kijana wa bodaboda kwenye shavu la mguu, aliingia getini bila kupiga hodi. Tulimpeleka hospitali, tukagharamia sindano zote, yakaisha. Je, nikimpa mtu Tomi ni lazima niseme? Naogopa nikisema hatachukuliwa.

Na Kelvin nimemwambia Tomi anakwenda kwa babu yake Moshi. Babu yake wala hana habari. Nisaidie Mjomba, zimebaki wiki tatu.

Mama Kelvin, Kibamba

* * *

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na kalamu, nikapigia mstari mahali ambapo wewe umepapita mbio kama mtu anayevuka barabara ya Morogoro: kila asubuhi mbwa wako anatoka getini, anamfuata mtu mmoja, anakaa naye mpaka saa nne. Halafu unaniuliza umpe nani. Mbwa ameshakujibu, na amekuwa akijibu kila siku ya shule.

Unasema uliona aibu kwa sababu mzee ni mtu wa msikitini. Mimi pia ni mtu wa msikitini, tena nilikuwa bwana mifugo kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo swali hili nimeulizwa kwenye mabaraza mengi kuliko unavyodhani. Ni kweli, katika madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu huku pwani tunayafuata, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo mzee analijua kuliko wewe. Lakini anajua pia kwamba kufuga mbwa kwa ajili ya kulinda shamba, kulinda mifugo au kuwinda kumeruhusiwa. Na Suratul Kahf ameisoma, anamjua yule mbwa wa vijana wa pangoni aliyelala kizingitini kanyoosha miguu ya mbele. Mtu mwenye bustani, aliyewahi kuibiwa pampu, ana sababu ya kufuga mbwa iliyo halali kabisa. Huenda atakataa. Lakini wewe umemkatalia kabla hajaulizwa, na hiyo si heshima, mpwa wangu, ingawa ulidhani ndiyo.

Aende baba Kelvin. Asipige simu. Aende bondeni jioni, baada ya swala ya alasiri, akae hapo kwenye tuta, amsikilize mzee akilalamikia wadudu wa mchicha, kisha aseme shida. Aseme pia yafuatayo bila kungoja kuulizwa: kwamba Tomi atalala bondeni kwenye banda la zana, si nyumbani kwa mzee, kwamba atakuja na sufuria na kopo lake mwenyewe, visichanganyike na vyombo vya watu, na kwamba chanjo ya kila mwaka mtaendelea kuilipia ninyi. Mwongezeeni na gunia la dona la kuanzia. Msije mkampa mzee mdomo wa kulisha halafu mkaita zawadi.

Banda hilo mlitazame kwa macho yenu. Bonde ni bonde, masika yakija maji yanapanda. Fundi yeyote wa mbao atawagongea kichanja cha kumwinua kutoka chini, sentimita 40 hivi, na bati juu. Kazi ya asubuhi moja.

Sasa hao wengine.

Bwana wa Vingunguti simjui, labda ni mtu mwema. Ila aliyeuliza "ni mkali?" akanyamaza, ananunua meno, na kwa Tomi meno ndiyo kitu kidogo kuliko vyote. Mbwa wa maghala nimewatibu wengi. Wengi hufungiwa mchana kwenye kibanda ambacho hawawezi hata kujigeuza, eti wakiona watu watazoea na ukali utaisha, kisha usiku wanafunguliwa. Kama mzee atakataa na ikakubidi umrudie bwana huyu, nenda mwenyewe mchana, usiende usiku, ukaulize: mchana analala wapi, nani anamlisha Jumapili, na mbwa aliyekuwepo kabla yuko wapi. Hilo la mwisho litazame usoni mwake anapolijibu. Akikuambia "alikufa tu", chukua mkoba wako.

Kuhusu fedha, sisemi kuuza mbwa ni kosa. Lakini ukishapokea laki na nusu huna tena mdomo wa kupiga simu kuuliza hali yake, na najua utataka kupiga.

Binamu wa Turiani ameshakujibu. Mtu anayeulizwa mara mbili akasema "tutaona" ameona. Mwache.

Sindano. Dada yako ana huruma, namwelewa. Sindano hiyo nimeichoma mara nyingi, kwa mbwa aliyevunjika mgongo, kwa mbwa mzee asiyeweza kusimama kukojoa, na sikuwahi kujutia. Lakini niliwahi pia kuitwa nimchome mbwa mzima, anatikisa mkia, wenyewe wanahama wiki ile. Nilikataa, wakanikasirikia sana. Tomi ana miaka sita, mbwa wa kienyeji akitunzwa anafika kumi na mbili na kupita. Hana ugonjwa. Mkataba wa nyumba si ugonjwa.

Mlandizi nitalisema kwa ukali kidogo, na naomba umsomee baba Kelvin. Mbwa anayeshushwa sokoni mara nyingi hajitafutii chakula siku za mwanzo. Anakaa palepale aliposhushwa akiangalia kila gari linalofanana na lenu. Baadaye ndipo anaanza kutembea, na mara nyingi anafuata barabara kuu kurudi alikotoka, nawe unaijua barabara ya Morogoro na malori yake. Akipona magari, yako mawe ya watoto, wako mbwa wenye eneo lao, na iko siku halmashauri inapofanya msako wa mbwa wazururao. Chanjo yake ikiisha hapana wa kuirudia, na hapo anakuwa hatari kwa mtoto wa mtu mwingine. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina dawa. Tena ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama; baba Kelvin asidhani jambo hili ni la huruma za wanawake tu. Ila nakuambia wewe pembeni: mwanaume aliyembeba mbwa kwenye koti usiku wa mvua hasemi "ni mbwa tu" kwa sababu hajali. Anasema hivyo kwa sababu anataka liishe haraka. Mpe kazi ya kwenda bondeni, utaona.

Kuumwa kwa yule kijana wa bodaboda utakusema, kwa mzee au kwa yeyote. Sema lini, wapi kwenye mguu, na aliingiaje. Mlifanya vizuri kumpeleka hospitali. Wasomaji wengine wajue: jeraha la kung'atwa huoshwa kwanza kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, ndipo safari ya hospitali ianze, na mbwa mwenyewe huangaliwa siku 10. Tomi alipita siku hizo na mwaka juzi umeshapita, kwa hiyo unachomweleza mzee ni tabia: Tomi hapendi mtu anayeingia ghafla. Kwa mlinzi wa bustani habari hiyo ni sifa, lakini kama mzee ana wajukuu wanaokimbilia bondeni kumletea uji, lazima aijue ili wapite mbele ya Tomi mara kadhaa akiwa amefungwa, awanuse, awazoee. Ukificha, siku akimng'ata mmoja wao, mbwa atauawa na ujirani wa miaka saba utazikwa naye.

Sasa sehemu ambayo wengi huiharibu, siku ya kuhama yenyewe.

Nikueleze yangu. Mwaka 1994 nilihamishwa kikazi kutoka Korogwe kwenda Same. Mbwa wangu Jeki nilimpa fundi cherehani, mtu mpole, nyumba iko ng'ambo ya mto. Nilimpeleka asubuhi ileile ya kuondoka, nikamfunga kwa kamba ya katani. Tuko Korogwe, katani ndiyo kila kitu. Aliitafuna usiku huohuo. Fundi alimkuta chini ya mwembe wa nyumba yangu ya zamani, amejikunja juu ya tambara la kudekia tulilolisahau. Alimrudisha, akatoka tena. Mara ya tatu fundi alichoka, akambebea chakula palepale mwembeni mpaka wapangaji wapya walipomzoea. Jeki aliishia kuwa mbwa wa wapangaji. Ilikuwa bahati tu.

Ninyi hamtakuwa na mwembe wala wapangaji. Nyumba inabomolewa. Tomi akirudi atakuta vibarua na sururu.

Kwa hiyo anzeni wiki hii, msingoje lori. Mzee akikubali, muda wa Tomi bondeni uongezwe kidogokidogo: badala ya saa nne arudi saa nane, kesho yake jioni. Chakula cha mchana apewe na mzee kwa mkono wake, ugali uleule na dagaa walewale, musimbadilishie kitu. Nyumbani apate cha usiku tu, na wiki ya pili hata hicho kihamie bondeni. Lile gunia analolalia lihamie bila kufuliwa. Najua utatamani kulifua kwanza ili lisiwatie aibu kwa mzee. Usilifue, ile harufu ndiyo itamwambia Tomi kwamba hapa ni pake. Usiku wa kwanza wa kulala huko uwe wakati bado mpo Kibamba, akilia sana mzee anapiga simu, baba Kelvin anashuka na tochi, anakaa naye kidogo, anapanda tena bila kumchukua.

Siku ya lori, Tomi aondoke na mzee asubuhi kama kawaida. Asione vitanda vinafunguliwa. Na siku hiyo asiachwe arudi saa nne kama alivyozoea: afungwe kwa mnyororo mwepesi, mrefu wa kumfikisha kivulini na kwenye maji, na shingoni awe na mkanda mpana. Huko kufungwa kuendelee wiki mbili tatu, mzee akimtembeza kwa kamba asubuhi na jioni, kisha afunguliwe kwanza wakati wa kula. Andikeni namba ya simu ya mzee kwenye karatasi, mmpe msimamizi wa hao wabomoaji, mwambieni mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililolala akija pale asipigwe, apigiwe mwenyewe. Mwachie na hela ya soda. Vibarua ni watu, wakiambiwa wanasikia.

Kelvin sasa. Moshi uifute leo. Mtoto wa miaka 9 ana likizo ya Desemba, na likizo ya Desemba kwenu ni Moshi. Atafika kwa babu yake, ataita Tomi, Tomi, na babu atauliza Tomi ni nani. Wewe utakuwa jikoni. Mwambie ulisema vile kwa sababu hukujua la kusema, na kwamba Tomi anabaki palepale anapoenda kila asubuhi, ila sasa atalala huko. Atalia. Mwache alie bila kumwahidi mbwa mwingine wala baiskeli. Kisha mpe kazi: yeye ndiye abebe ile sufuria na kopo mpaka bondeni, na yeye ndiye amweleze mzee Tomi anaitwaje, mluzi gani anaufuata, anakunwa wapi. Wazee wa bustani hupenda kuelezwa na watoto kwa uzito, utamwona anavyotikisa kichwa.

Msiende kumtazama wiki za mwanzo, hata kama Kelvin ataomba. Mbwa akikuona anaanza kungoja upya. Pigeni simu, mzee awaeleze. Mwezi ukipita nendeni asubuhi, mkanunue mchicha kama wateja, mfanye mambo yenu taratibu, wala msiagane naye kwa vilio mnapoondoka. Kelvin aende na kitabu akitaka.

Kama mzee atakataa, msimbembeleze abadili jibu lake kwa dini wala kwa umaskini, mshukuruni na mumuulize yeye: nani mwingine hapa bondeni anahitaji mbwa? Wenye bustani wanajuana, na wote wameibiwa. Muulize pia mtaalamu wa mifugo wa kata yenu. Hao huingia kwenye mabanda ya kuku ya Kwembe na Mloganzila kila wiki, wanajua nani mbwa wake kafa na nani hafai kupewa hata paka. Huyohuyo, kama mwishoni itabidi Tomi aende mbali, atakuelekeza kuhusu kibali cha kumsafirisha. Na siku ya safari hiyo asilishwe asubuhi, apewe maji tu, asiwekwe kwenye gunia wala kwenye buti ya basi.

Hukusema kama Tomi amehasiwa. Kama bado, ni jambo la kufanya, dume aliyehasiwa hazururi sana, lakini lisifanyike mwezi huu. Asihame nyumba na kushonwa kwa pamoja.

La mwisho. Kadi ya chanjo ya Tomi itafute usiku huu kabla hujaanza kufunga maboksi, maana ukishaipakia na vyeti vya watoto hutaiona tena mpaka Pasaka. Tazama tarehe. Kama imebaki miezi miwili mitatu iishe, mchanjeni sasa akiwa bado kwenu, ili mzee apokee kadi yenye mwaka mzima mbele.